Asilimia 30 ni Amana: Kutoa Akiba ya Kustaafu ya Marekani Ukiwa Dar

SWALI: Dada mhasibu, habari za kazi. Nina miaka 44, nimepanga Sinza. Nilifanya kazi Minneapolis miaka sita kwa viza ya kazi, nikarudi nyumbani 2021. Kule niliacha akaunti ya kustaafu ya 401(k) ambayo leo ina dola 84,000. Michango yangu na ya mwajiri ni 50,000, iliyobaki ni faida. Nyumba yangu ya Goba imefika lenta, na fundi anasema mbao, bati na kazi yake ni kama milioni 25. Nimewapigia wasimamizi wa akaunti, wakaniambia watakata asilimia 30, na kwa kuwa sijafika umri kuna nyingine 10. Shemeji anasema zikiingia benki hapa TRA nao wanachukua 30. Yaani asilimia 70! Nizitoe au niziache?

JIBU: Kaka, shemeji yako kajumlisha vitu visivyojumlishika. Namba zake zote tatu zipo, hakuzitunga. Ila moja ni amana tu, moja ina milango ya kuikwepa kihalali, na ya tatu haitozwi juu ya pesa yote. Nitakupigia hesabu kwa dola zako hizohizo 84,000, kisha turudi Goba, maana naona swali lako hasa ni la bati.

Tuanze na hiyo 30. Anayefanya kazi za huduma kwa makampuni hapa mjini anaijua kodi ya zuio: kampuni inamkata asilimia 5 kabla ya kumlipa, na mwisho wa mwaka akifanya ritani yake anahesabiwa kuwa alishalipa kiasi hicho. Ikiwa kodi yake halisi ni ndogo zaidi, anadai. Ya Marekani kwa mtu kama wewe ni hivyohivyo. Msimamizi wa akaunti hajui una kipato gani kingine, kwa hiyo sheria inamwambia amkate asiye mkaazi asilimia 30 na kuipeleka IRS, mamlaka ya kodi ya kule. Kama nchi yako ina mkataba wa kodi na Marekani kiwango kinaweza kushuka. Sisi hatuna. Mikataba ya Tanzania ya kuepuka kutoza kodi mara mbili ni tisa: Afrika Kusini, Denmark, Finland, India, Italia, Kanada, Norway, Sweden na Zambia. Marekani haimo, wala Uingereza, jambo linalowashangaza wengi.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wasimamizi wa akaunti hawakwambii kwenye simu. Mwongozo wa IRS kwa wageni, Chapisho namba 519, unasema pensheni inayotokana na kazi uliyoifanya ndani ya Marekani baada ya 1986 inahesabiwa kuwa mapato yanayofungamana na kazi ile, hata kama siku unayoipokea umeshaondoka zamani. Maana yake hutozwi 30 bapa. Unatozwa kwa ngazi, kama mfanyakazi wa kule. Kwa mwaka 2025 ngazi ya kwanza ni asilimia 10 hadi dola 11,925, ya pili ni 12 hadi 48,475, ya tatu ni 22 hadi 103,350. Lile punguzo la jumla wanalopewa wakaazi hulipati, unaanza kutozwa kuanzia dola ya kwanza.

Ukizoa zote 84,000 ndani ya mwaka mmoja, kodi kwa ngazi hizo ni dola 13,394. Adhabu ya kutoa mapema, asilimia 10, ni 8,400. Jumla 21,794. Msimamizi atakuwa amekata 25,200. Ina maana IRS wanakudai 21,794 huku mkononi wana 25,200, na tofauti ya dola 3,406 ni yako, mradi ujaze fomu ya 1040-NR, yaani ritani ya kodi ya asiye mkaazi, na kuidai. Usipojaza, imekwenda. Na angalia hapo: hiyo adhabu ya 10 haikatwi juu ya ile 30 siku ya malipo, inahesabiwa ndani ya ritani. Kwa hiyo hata 40 ya kwenye simu haikuwa 40. Ni kama 26.

(Wako wahasibu wanaotenganisha michango na faida, wakasema faida ibaki kwenye 30 bapa. Mimi nafuata mwongozo wa IRS wenyewe, lakini ukikutana na mwenye msimamo huo usidhani anakudanganya.)

Kuhusu adhabu yenyewe. Inamhusu kila anayetoa kabla ya kufikisha miaka 59 na nusu, awe Mmarekani au mtu wa Sinza. Misamaha ipo. Aliyeacha kazi katika mwaka aliotimiza 55 au baadaye anatoa kwenye akaunti ya mwajiri huyo bila adhabu, ila wewe uliondoka ukiwa na miaka 40, kwa hiyo hata ukingoja hadi 55 mlango huo si wako. Ulemavu wa kudumu, kifo, gharama kubwa za matibabu, hayo tuyaache, Mungu apishe mbali. Upo pia mpango wa kulipwa mafungu sawasawa kila mwaka. Huo unasifiwa sana mtandaoni, nami siupendi kwa mtu wa umri wako: ukiuanza lazima uendelee miaka mitano au mpaka 59 na nusu, kipi kinachelewa, kwa hiyo wewe ni zaidi ya miaka 15 ya kutokosea. Ukiteleza mwaka wa tisa, adhabu inarudi nyuma hadi malipo ya kwanza, pamoja na riba.

Kuna njia nyingine ndogo isiyo na ujanja wowote ndani yake, ni kalenda tu. Mwaka wa kodi wa Marekani unaisha 31 Desemba. Ukitoa 42,000 Desemba na 42,000 Januari, kila mwaka kodi ya ngazi inakuwa 4,801, yaani 9,603 kwa miaka yote miwili badala ya 13,394. Adhabu inabaki ileile 8,400. Umeokoa karibu dola 3,800 kwa kusubiri wiki chache. Lakini usifurahie bado, TRA hawajaingia ukumbini.

Hapa ndipo shemeji alipokosea zaidi. TRA hawatozi kodi kwa sababu pesa imepita benki, na ukiiacha kwenye akaunti ya nje hujaikwepa. Kinachoangaliwa na Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, ni ukaazi wako. Una makazi ya kudumu hapa na unaishi hapa, basi wewe ni mkaazi, na mkaazi anatozwa kwa mapato yake ya dunia nzima. Ipo nafuu kwa aliyekaa Tanzania jumla ya miaka miwili au pungufu katika maisha yake yote, lakini hiyo iliwekwa kwa wageni, si kwa mtoto wa hapa aliyerudi.

Je, ni mapato gani hasa? Mfuko wako wa Minneapolis haujaidhinishwa na Kamishna wa TRA kama mfuko wa kustaafu, na sheria imeweka faida itokanayo na mfuko usioidhinishwa kwenye kapu la mapato ya uwekezaji. Faida, kaka. Dola 50,000 za michango ni jasho la kazi uliyoifanya ukiwa si mkaazi wa hapa. Kinachobaki kwenye meza ya TRA ni 34,000. Ndivyo ninavyoisoma mimi. Afisa mwingine anaweza kujaribu kuiingiza yote kwenye kapu la ajira, kwa sababu sheria inataja malipo ya kustaafu na huko pia. Kwa kiasi kikubwa kama chako sishauri kwenda kubishana kaunta. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inaruhusu kumwandikia Kamishna Mkuu ukaeleza jambo lako lote na kuomba uamuzi wa maandishi kabla hujafanya lolote. Barua hiyo ina thamani kuliko maneno ya watu kumi wanaomjua mtu pale makao makuu.

Tuchukulie usomaji wangu ndio. Kama mshahara wako hapa umeshapita milioni moja kwa mwezi, kila shilingi ya nyongeza inaangukia ngazi ya juu ya asilimia 30. Asilimia 30 ya dola 34,000 ni 10,200. Lakini sheria yetu inatambua kodi ya mapato uliyokwisha kulipa nje kwa mapato hayohayo na kuipunguza kwenye ya hapa, mradi isizidi wastani wa kiwango unachotozwa hapa. Kodi yako ya Marekani ilikuwa 13,394 kwa pesa yote. Sehemu ya faida peke yake, kwa uwiano wa 34 kwa 84, ni 5,421. Toa hiyo kwenye 10,200, TRA wanapata 4,779. Adhabu ya asilimia 10 mimi siihesabu kwenye nafuu hii. Iitwe kodi ya nyongeza au vinginevyo, ina sura ya faini, na sitaki upange maisha kwa kutegemea kwamba itakubaliwa.

Kwa hiyo ukitoa zote mara moja, unaacha 21,794 kule na 4,779 hapa, jumla 26,573. Mkononi 57,427. Ni karibu asilimia 32. Inauma, ila si 70.

Na ule ujanja wa Desemba na Januari? Ulipopunguza kodi ya Marekani ulipunguza pia kiasi cha kuwaonyesha TRA. Sehemu ya faida sasa imelipiwa 3,887 tu, TRA wanadai 6,313. Jumla ya pande zote mbili ni 24,316. Bado umeokoa, ila ni kama 2,250, si 3,800. Nimeona watu wakisifiwa mpango mzuri na mshauri wa upande mmoja wa bahari, hawajui kwamba sehemu ya alichowaokolea imehamia upande wa pili. Kila mara hesabu ifanywe ya nchi zote mbili kwenye karatasi moja.

Sasa Goba. Milioni 25, tukichukua shilingi 2,500 kwa dola ili hesabu iwe nyepesi, ni dola 10,000. Huhitaji 84,000. Sisi hapa tumezoea habari za fao la kujitoa, unachukua chako chote na kuondoka, ndiyo maana mtu akisikia akiba ya Marekani anawaza kuifunga akaunti. Hulazimiki. Na kwa bahati, 10,000 ndicho kiasi ambacho sheria ya Marekani inasamehe adhabu, mara moja maishani, kwa anayenunua au kujenga nyumba yake ya kwanza ya kuishi. Sheria inataja kununua, kujenga na kujenga upya, na haisemi nyumba lazima iwe Marekani. Nyumba ya kwanza maana yake ni kwamba wewe na mkeo hamkuwa na nyumba yenu ya kuishi katika miaka miwili kabla ya ujenzi kuanza. Umepanga Sinza, unaonekana kupita, ila kama kuna nyumba mliyowahi kuishi ya kwenu niambie kabla hujafanya chochote.

Kikwazo ni kwamba msamaha huo haupo kwenye 401(k). Upo kwenye akaunti binafsi ya kustaafu, ile wanayoiita IRA. Unatakiwa kwanza kuhamisha salio moja kwa moja kutoka 401(k) kwenda IRA, taasisi kwa taasisi, na uhamisho huo hautozwi kodi. Kisha unatoa 10,000 kutoka huko. Ugumu ni kumpata wa kukufungulia IRA ukiwa na anwani ya Dar. Wengi wanakataa. Anza kuuliza mahali ulipo na akaunti tayari, na usihamishe kitu mpaka wakuandikie kwamba wanakubali mteja asiye mkaazi na kwamba watakulipa nje.

Hesabu yake: kodi ya Marekani kwa 10,000 ni asilimia 10, yaani dola 1,000. Adhabu hakuna. Faida ndani yake kwa uwiano uleule ni kama 4,048, TRA asilimia 30 ni 1,214, ukitoa 405 ya kodi ya kule inabaki kama 809. Umelipa dola 1,809 jumla, asilimia 18. Shemeji asome hapo.

Tatizo ni muda. Siku ya kwanza msimamizi anakata 3,000, unapokea 7,000. Zile 2,000 za kurudishiwa zinakuja mwaka unaofuata, baada ya ritani. Na msamaha unataka matumizi ya ujenzi ya 10,000 nzima ndani ya siku 120 tangu upokee, kwa hiyo pengo utalijaza kwa pesa yako nyingine. Kila ubao na kila bati uchukuliwe kwa risiti ya EFD yenye jina lako. Ya mkono, iliyoandikwa kwa peni ya bluu na mwenye duka la vifaa aliyekwambia bila risiti nakupunguzia, haitakusaidia siku IRS wakiuliza. Fundi naye asaini malipo yake. Usimwite fundi kabla pesa haijatua, maana siku zinaanza kuhesabiwa ikifika kwako, na mvua za masika hazisubiri wasimamizi wa Minneapolis.

Makaratasi nayapitia haraka isipokuwa moja. Kabla ya kutoa, wapelekee fomu ya W-8BEN kuonyesha kuwa wewe si mkaazi wala raia wa Marekani. Wengi waliorudi bado wameandikishwa kama wakaazi, kwa anwani ya rafiki waliyeishi naye, na malipo yanatoka kwenye fomu isiyo yao. Kisha inakuwa kazi kusahihisha. Sasa hiyo fomu haikubali sanduku la posta. Mteja wangu mmoja alirudishiwa mara tatu kwa sababu maisha yake yote anwani yake ni S.L.P. Tumia anwani ya makazi: namba ya nyumba, jina la mtaa, kata na postikodi, zile tulizopewa kwenye operesheni ya 2022. Kibao kama kiling'olewa, ofisi ya serikali ya mtaa wanayo namba.

Mwaka unaofuata msimamizi anatakiwa kukuletea fomu 1042-S, inayoonyesha ulicholipwa na kodi iliyokatwa, kufikia 15 Machi. Kwa kuwa hukuwa na mshahara wa kule, mwisho wa kupeleka 1040-NR yako ni 15 Juni. Ritani ya TRA ni 30 Juni. Anza na ya Marekani, kwa sababu bila hiyo huna namba ya kodi ya nje ya kudai nafuu. Kwa TRA, pesa ukiitegemea ndani ya mwaka unaiingiza kwenye makadirio, usingoje Juni. Na akaunti yako ya benki ya Marekani, kama bado ipo, usiifunge: kuanzia 30 Septemba 2025 IRS walianza kuachana na hundi za karatasi kwa marejesho. Jimbo la Minnesota lenyewe halikuhusu tena. Sheria ya shirikisho ya 1996 inayazuia majimbo kutoza pensheni za watu waliokwisha kuhama.

Niseme na wengine wawili wanaosoma hapa. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu ya Marekani aliyerudi Dar bila kuirudisha rasmi kwa fomu I-407, IRS bado wanaweza kumhesabu mkaazi, na haya yote yanabadilika kwake. Na mwenye pensheni ya Uingereza asijaribu kutafuta wa kumtolea kabla ya miaka 55, ambayo itakuwa 57 kuanzia 6 Aprili 2028. Faini zake zinafika asilimia 55, na wanaotangaza kusaidia wengi ni matapeli.

Jambo la mwisho kaka, hukuliuliza. Ukitoa 10,000 utabaki na 74,000 kule. Asiye raia wala mkaazi akifa akiwa na mali iliyopo Marekani inayozidi dola 60,000, familia inapaswa kupeleka ritani ya kodi ya mirathi, na kodi kwa kinachozidi inaanzia asilimia 26. Akaunti yako ni mali ya namna hiyo, na mkataba wa kupunguza hatuna. Kwa hiyo ukiezeka, fikiria kuteremsha salio chini ya 60,000 kwa mafungu madogo ya kila mwaka yanayobaki kwenye ngazi ya asilimia 10. Adhabu utailipa kwa hayo, kwa hiyo pima ukubwa wake dhidi ya hatari unayoiondoa. Na fungua ukurasa wa mnufaika, panapoandikwa nani alipwe ukifa, leo usiku. Kwenye 401(k) mke analindwa na sheria hata usipomwandika, lakini ukihamia IRA ulinzi huo hauhami, na jina litakalofuatwa ni lile utakaloandika siku ya kufungua. Ukirudia huko jina la ndugu wa kiume uliyemwandika 2015 ukiwa hujaoa, yeye ndiye atakayepigiwa simu, si mama watoto.